Kunakili picha ya Juan de Pareja ili kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta: nianzie wapi?

Mchora Sura (Tanga)

Salaam kwenu wachoraji wote.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikichora sura za watu kwa penseli na kwa mkaa, na watu wa hapa Tanga huniletea picha za wazazi wao, za maharusi na za marehemu wao ili niwachoree. Sasa nataka kuingia katika rangi za mafuta, na kwa kuwa hapa nilipo sina mwalimu wa kukaa naye, nimeamua kuifuata njia waliyoifuata wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, yaani kuchukua picha moja ya bingwa wa zamani na kuinakili polepole mpaka nielewe ilivyojengwa.

Picha niliyoichagua ni ile ya Juan de Pareja, ambayo Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania, aliichora mjini Roma mwaka 1650, na ambayo leo imo katika Makumbusho ya Metropolitan ya New York. Wateja wangu ni watu weusi na maji ya kunde, ilhali karibu kila somo ninalolikuta mtandaoni hufundisha kuchanganya rangi ya ngozi ya Mzungu, kwa kuanza na nyeupe nyingi, nyekundu kidogo na njano kidogo. Nikiutazama uso wa Pareja naona ngozi ya kahawia iliyo hai, yenye wekundu mahali pengine na ukijivu mahali pengine, yenye mng'ao kwenye paji la uso, na wala haionekani kuwa kahawia moja iliyotiwa nyeusi penye kivuli na kutiwa nyeupe penye mwanga.

Naomba kuelekezwa katika mambo machache. Je, picha hii inamfaa mtu anayeanza rangi za mafuta, au nianze na nyingine nyepesi zaidi? Ni rangi zipi chache zinazoweza kunitosha, nikizingatia kwamba rangi za wasanii ni ghali na mara nyingi inanibidi niziagize Dar es Salaam au Nairobi? Nianze na tabaka gani, na nitajuaje kwamba tabaka hilo limekamilika? Tena ningependa kujua kama ni halali kuitundika nakala hiyo mahali ambapo wateja wataiona.

---

Fundi Turubai (Nairobi)

Ndugu Mchora Sura, umechagua vizuri kuliko unavyodhani. Wengi huanza na Mona Lisa, ambayo Leonardo aliijenga kwa tabaka nyembamba mno zisizoacha alama ya brashi, hivyo mwanafunzi hana pa kushika, kwa kuwa anayaona matokeo bila kuuona mkono ulioyaleta. Kwa Velázquez mkono unaonekana. Ukiikuza picha ya Pareja utaona mahali brashi ilipogusa mara moja na kuondoka, mahali ilipoburuzwa ikiwa karibu kavu, na mahali rangi ya chini ilipoachwa ichungulie. Kila mguso ulikuwa uamuzi wa mchoraji, na kazi yako ni kuyafuata maamuzi hayo kwa mpangilio wake. Mtu anaweza kupata nakala inayofanana sana na picha ya asili na asijifunze lolote, kwa sababu alilinganisha rangi doa kwa doa bila kujiuliza ni lipi lililowekwa kwanza na kwa nini.

Tafuta picha yenyewe kwenye tovuti ya Makumbusho ya Metropolitan. Tangu Februari 2017 makumbusho hayo yameziachia kwa matumizi huru picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, kwa hiyo utaipata bure ikiwa na ukubwa wa kutosha kuhesabu miguso ya brashi. Usitumie zile zinazozagaa kwingine, maana nyingi zimekolezwa rangi. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, na vivuli ndani yake huonekana vyepesi na vyenye kung'aa kuliko vilivyo kwenye turubai. Chapisha pia nakala moja kwenye karatasi isiyong'aa, uitumie kupima vivuli, na skrini uiachie kazi ya kuonyesha miguso.

Picha ya asili ina urefu wa sentimeta 81.3 na upana wa sentimeta 69.9, na inamwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi kiunoni kwa ukubwa unaokaribia ule wa binadamu. Usiinakili yote. Chukua kichwa na kola peke yake, kwenye turubai ya takriban sentimeta 40 kwa 35, ili kichwa kisipungue sana na kile cha asili. Mguso unaoenea vizuri kwenye shavu la ukubwa wa mtu hauwezi kurudiwa kwenye uso wa ukubwa wa kiganja. Ukiufanya mdogo utaanza kuchora kwa ncha ya brashi kama unayetumia penseli, na hiyo ndiyo tabia ambayo mtu aliyetoka kwenye penseli anapaswa kuiacha. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya Velázquez katika kitabu cha mwaka 1724, anaeleza kwamba alikuwa na brashi za mipini mirefu sana ili achore akiwa mbali na turubai. Shika mpini kwa nyuma, chora ukiwa umesimama, na kila baada ya miguso michache rudi nyuma hatua kadhaa uangalie.

Kwa turubai ya mazoezi, kitambaa cha marekani kizito kilichokazwa vizuri kwenye fremu ya mbao kinatosha. Kipake jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kuandalia turubai) mara mbili au tatu na ukisugue kwa msasa laini kati ya tabaka moja na jingine. Najua wengi wetu hutumia rangi ya maji ya kupakia kuta badala ya jeso, na kwa zoezi la kutupa haina neno, lakini kwa kazi utakayompa mteja usiitumie. Vilevile, rangi za mafuta unazozihitaji ni zile za tyubu za wasanii, wala si zile za makopo za kupakia milango, ambazo ndizo zinazotumika katika picha za Tingatinga. Hizo hukauka upesi na kuacha uso laini unaong'aa, na zinafaa sana kwa kazi ile, lakini hazikupi nafasi ya kulainisha kingo wala ya kuchanganya rangi juu ya turubai ikiwa bado mbichi.

Sasa rangi. Velázquez alikuwa na nyeupe ya risasi, oka ya njano (rangi ya udongo), udongo mwekundu, vamilioni (nyekundu kali), leki nyekundu, amba (udongo wa kahawia), nyeusi ya mifupa na buluu kama azuriti. Nyeupe ya risasi ni sumu na vamilioni imetengenezwa kwa zebaki, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Nunua tano tu: nyeupe ya titani, oka ya njano, udongo mwekundu (au siena iliyochomwa), amba mbichi na nyeusi ya mifupa. Pesa zikibaki, ongeza tyubu ndogo ya nyekundu ya kadimiamu kwa ajili ya midomo na ncha ya sikio. Kumbuka tu kwamba titani ina nguvu na ubaridi kuliko nyeupe ya risasi, hivyo utahitaji kiasi kidogo zaidi, na mara nyingi itakubidi uipashe kwa oka kidogo kabla haijaingia kwenye mchanganyiko wa ngozi.

Anza kwa kuiondolea turubai weupe wake. Changanya amba na nyeusi kidogo na nyeupe, punguza kwa tapentaini, paka tabaka jembamba, kisha lifute kwa kitambaa mpaka upate kijivu chenye ukahawia kisicho cheusi wala cheupe. Liache likauke kabisa. Rangi hii ndiyo itakayokuwa usuli wa picha na ndiyo itakayochungulia kwenye nusu-kivuli cha uso, kwa hiyo usiione kuwa ni maandalizi tu.

Mchoro wa kwanza ufanye kwa brashi na amba iliyopunguzwa. Pima umbali kutoka kidevuni hadi nyusi, kutoka nyusi hadi mwanzo wa nywele, upana wa kichwa pamoja na nywele, na mwinamo wa mstari wa macho. Usichore kope wala mboni. Ukimaliza, fumba macho nusu uitazame picha ya asili mpaka isalie na sehemu kubwa tatu: mwanga, nusu-kivuli na kivuli. Jaza kivuli chote kwa mchanganyiko mwembamba wa amba na udongo mwekundu, bila nyeupe hata chembe. Hapa ndipo ngozi nyeusi huharibika mikononi mwa wengi, kwa sababu hutia nyeusi au nyeupe kwenye kivuli, na kivuli kikawa kizito, cha unga, kilichofunga. Kivuli chembamba cha udongo kinaruhusu mwanga upite hadi kwenye turubai na kurudi, na ndiyo maana kinaonekana kuwa na damu ndani yake. Tabaka hili limekamilika pale ambapo mtu aliyesimama mbali anatambua kichwa kimeelekea wapi na mwanga unatoka wapi, ingawa hakuna jicho lililochorwa.

Nusu-kivuli ndiyo sehemu ngumu na ndiyo yenye faida kubwa. Chukua nyeusi ya mifupa, oka na nyeupe kidogo, uchanganye mpaka upate kijivu ambacho kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) kinaonekana kibaya, chenye ukijani. Kiweke kati ya kivuli chenye joto na mwanga, kwa mfano pale shavu linapogeukia taya, nacho kitaonekana ni ngozi. Hakuna buluu iliyotumika, lakini jicho litaona ubaridi kwa sababu ya wekundu ulio jirani. Ukikielewa kijivu hiki tu, nakala yako itakuwa imelipa gharama zake.

Kwenye mwanga, panda ngazi kwa oka na udongo mwekundu kwanza, na nyeupe iwe ya mwisho kuitwa. Rangi iwe nzito kuliko ya kivulini, na iwe na mafuta ya kitani zaidi kidogo kuliko tabaka la chini, kwa maana tabaka lenye mafuta machache likiwekwa juu ya lenye mafuta mengi hupasuka baadaye. Mng'ao wa paji la uso ni mguso mmoja au miwili, na una ubaridi kidogo, kwa sababu hapo ngozi inaakisi mwanga wa dirisha kuliko inavyoonyesha rangi yake yenyewe. Kola iache hadi mwisho: kwanza kijivu chake, halafu miguso michache ya nyeupe kwa lesi, bila kuhesabu tundu moja moja.

Jambo la mwisho linahusu usalama wako. Rangi za mafuta hazikauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuvuta oksijeni, na tendo hilo hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje au vitumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko, na tapentaini uitumie madirisha yakiwa wazi.

---

Binti wa Mvita (Madrid)

Ndugu zangu, Fundi amemaliza upande wa rangi, nami naomba niseme juu ya mtu aliyemo kwenye picha, kwa sababu mchoraji anayemnakili Pareja bila kumjua atamchora kama somo la kahawia, na hilo litaonekana machoni mwa picha.

Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, karibu mwaka 1608, na alikuwa mtumwa wa Velázquez na msaidizi katika karakana yake. Alifuatana naye katika safari ya pili ya Italia, iliyoanza mwaka 1649. Palomino anasimulia kwamba Velázquez alikuwa akijiandaa kumchora Papa Innocent X, akataka kwanza kuzoesha mkono wake kwa kumchora mtu aliye hai, akamchora Pareja. Kisha akamtuma Pareja mwenyewe akiwa ameibeba picha hiyo awaonyeshe marafiki, nao wakawa wanatazama picha na kumtazama mtu, wasijue wazungumze na yupi. Tarehe 19 Machi 1650 picha ikatundikwa kwenye maonyesho ya Pantheon, jengo la kale la Roma lililofanywa kanisa. Kwa hiyo hata hii unayotaka kuifanya zoezi ilikuwa zoezi, na picha ya Papa iliyoifuata bado iko Roma, katika Galleria Doria Pamphilj.

Tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, papo hapo Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru Pareja, kwa sharti kwamba uhuru huo uanze baada ya miaka minne. Yaani alipokaa mbele ya turubai, akiwa na kola ile ya lesi na mtazamo ule usioyumba, alikuwa mali ya mtu aliyekuwa akimchora. Mimi siwezi kuitazama picha hii bila kulikumbuka jambo hilo, na naamini mnakili naye alikumbuke anapofika kwenye macho. Velázquez hakuyafanya kuwa macho ya mtu anayeomba kitu. Kope za juu zimetulia, na kichwa kimesimama imara juu ya mabega. Ukikosea mwinamo wa kichwa kwa kiasi kidogo tu, heshima hiyo inaondoka, hata kama rangi zote ni sahihi.

Baada ya kupata uhuru Pareja alifanya kazi kama mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Kazi yake kubwa, Wito wa Mtakatifu Mathayo ya mwaka 1661, iko hapa Madrid katika Makumbusho ya Prado, na ina upana wa zaidi ya mita tatu. Kando kabisa, upande wa kushoto, amejichora mwenyewe amesimama akiwa na karatasi yenye jina lake. Arturo Schomburg, yule mkusanyaji wa historia ya watu weusi aliyezaliwa Puerto Rico, alisafiri kutoka Marekani hadi Hispania katika miaka ya 1920 kutafuta kazi za Pareja, wakati ambapo watu wachache sana walizijali. Nakushauri uiweke picha hiyo karibu na ile ya Velázquez unapofanya kazi. Pareja amejichora mwenye ngozi nyepesi zaidi na pua nyembamba zaidi kuliko alivyoonwa na Velázquez. Ni mtu yuleyule, na mchoraji wa sura za watu anapaswa kuutafakari umbali ulio kati ya nyuso hizo mbili, hasa wewe ambaye wateja wako bila shaka huwa na maoni yao kuhusu weupe wa ngozi wanayotaka kuonyeshwa nayo.

Kuhusu uhalali, usiwe na wasiwasi. Velázquez alifariki mwaka 1660 na hakuna hakimiliki inayokufunga. Njia hii wameipita wengi kabla yako: mchoraji Rubens alipokuja Madrid mwaka 1628 alinakili kazi za mchoraji Titian zilizokuwa kwa mfalme, wakati ambapo Velázquez mwenyewe alikuwa mchoraji wa mfalme huyohuyo, na mchoraji John Singer Sargent alikuja Prado mwaka 1879 kumnakili Velázquez. Makumbusho ya Louvre ya Paris, ambayo imewapokea wanakili tangu mwaka 1793, huwataka nakala iwe na vipimo tofauti na vya asili ili isije ikauzwa kama ya asili. Nawe fanya hivyo. Nyuma ya turubai andika kwa wino usiofutika kwamba ni nakala kutoka kwa Velázquez, uweke jina lako na mwaka, na mteja akiuliza mweleze bila kificho. Kuitundika si kosa.

---

Mwalimu wa Bukoto (Kampala)

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, ila nina mawili ya kupinga na moja la kuongeza.

Fundi anasema kola iachwe hadi mwisho. Kwa miguso ya lesi ninakubali, lakini kijivu cha kola kiwekwe mapema, siku ileile ya kujaza vivuli. Sababu ni kwamba weupe wa kola ndio unaoamua mwanga wa uso uwe wa kiwango gani. Mwanafunzi asiyekuwa na kola mbele yake atauona mwanga wa paji la uso kuwa ni mkali sana, ataupandisha kwa nyeupe, na kola ikija kuwekwa haitakuwa na nafasi ya kuwa nyeupe kuliko uso. Katika picha hii mng'ao mkali wa usoni bado uko chini ya kola. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito mara mbili, kwa sababu kosa la kawaida la wachoraji wengi ni kuupandisha mwanga wa ngozi mpaka mtu anakuwa wa kijivu, kama aliyepakwa majivu.

La pili ni la msingi zaidi. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa hapa Makerere katika miaka ya 1930, hakupenda wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore hadithi na maisha waliyoyajua. Mimi sifiki huko, na ninaona kwamba kumnyima mwanafunzi wa Afrika ufundi wa rangi za mafuta kwa kuhofia kwamba ataupoteza utu wake ni kumdharau. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro aliyesoma hapa kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade mjini London, alirudi na kuendelea kuchora migomba na watu wa kwao kwa namna yake. Lakini wasiwasi wa Trowell una chembe ya ukweli ambayo mnakili asiipuuze. Pareja alikuwa na ngozi ya kahawia, katika mwanga wa Roma, mbele ya usuli wa kijivu. Shemeji yako anaweza kuwa mweusi zaidi ya hapo, naye amekaa barazani Tanga, ukuta mweupe ukimrudishia mwanga shavuni kutoka pembeni na sakafu nyekundu ikimrudishia mwanga mwingine chini ya kidevu. Ukimaliza nakala na ukachukua mchanganyiko uleule ukaupeleka kwake, hutamchora yeye.

Kwa hiyo nashauri hivi. Usisubiri nakala imalizike. Kila ukimaliza hatua moja ya nakala, rudia hatua hiyohiyo kwa mtu aliye hai aliyekaa karibu na dirisha, kwenye turubai nyingine ndogo. Ukishajaza vivuli vya Pareja, jaza vivuli vya jirani yako. Ukishakipata kile kijivu cha nusu-kivuli, kitafute kwa jirani, na utakuta kwamba kwake pengine ubaridi uko kwenye mwanga na joto liko kwenye nusu-kivuli. Kwenye ngozi nyeusi sana iliyo karibu na dirisha linaloelekea anga, mng'ao unaweza kuwa wa buluu waziwazi, na hapo zile rangi tano za Fundi hazitoshi. Nunua na buluu ya ultramarini.

---

Fundi Turubai (Nairobi)

Mwalimu, kuhusu kijivu cha kola nakubali hoja yako bila shaka yoyote. Kiwekwe mapema, na lesi ibaki ya mwisho. Ultramarini pia ni sawa, ila naomba asiitumie kwenye nakala yenyewe, kwa sababu akiwa nayo karibu ataikimbilia kila anapohitaji ubaridi, na somo la kupata ubaridi kutoka kwa nyeusi na oka litampita.

---

Mchora Sura (Tanga)

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Binti wa Mvita, sikujua habari za ile hati ya Novemba 1650, na sasa naona kwa nini picha ile ilinishika kabla sijajua lolote kuihusu. Nitaanza na kichwa na kola, na Mwalimu, shemeji yangu amekubali kunikalia.

Limebaki jambo moja. Kazi zangu nyingi ni za marehemu, na familia huniletea picha iliyopigwa kwa simu yenye flashi, au picha ya kitambulisho iliyokuzwa. Uso wote una mwanga sawasawa, na kivuli hakuna ila mstari mweusi nyuma ya kichwa ukutani. Katika kazi kama hizo nitautumia vipi ufundi huu wa vivuli vyembamba na nusu-kivuli, ilhali picha yenyewe haina kivuli?

---

Mwalimu wa Bukoto (Kampala)

Usikibuni kivuli kutoka kichwani mwako, kwa maana utampa marehemu mifupa isiyo yake, na familia itajua hata kama haitaweza kueleza kilichobadilika. Omba aje ndugu wa damu, mtoto au mdogo wake, yule ambaye wao wenyewe husema wamefanana. Mkalishe karibu na dirisha katika mwinamo uleule wa kichwa ulio kwenye picha, na umchore kwa haraka kwa rangi, bila kutafuta kufanana kwake. Kutoka kwake utachukua mpangilio wa joto na ubaridi, namna kivuli kinavyolala chini ya mfupa wa shavu na pembeni mwa pua, na rangi ya ngozi ya ukoo ule. Kutoka kwenye picha ya simu utachukua vipimo na mkao wa macho na mdomo. Mahali ambapo viwili hivyo vinapingana, kwa mfano pua ya marehemu ikiwa pana zaidi, picha ndiyo iamue umbo na ndugu aamue rangi. Uliza pia maswali: je, alikuwa na ngozi yenye mng'ao au kavu, na miaka ya mwisho nywele zake zilikuwa na mvi kiasi gani? Flashi huficha hayo yote.

---

Fundi Turubai (Nairobi)

Nyongeza kuhusu dirisha. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la mchoraji liwe la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo mchana, na mwanga hautabadilika wakati wa kazi. Huko Tanga uko kusini kidogo tu ya ikweta, na kanuni hiyo haikufai mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo majira ya kusi mkalishe mtu wako kwenye dirisha la kusini; kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, kaskazi inapovuma, mhamishie dirisha la kaskazini. Kama nyumba ina dirisha upande mmoja tu, funga pazia jeupe jepesi jua linapoingia. Usibadilishe dirisha katikati ya picha moja, na hiyo nakala ya Pareja nayo iweke kwenye dirisha hilohilo unapoichora, ili rangi unazozichanganya kwa ajili yake uzione katika mwanga uleule utakaomwona nao shemeji yako.